Anayesoma Faili Kuanzia Mwisho

Afisa wa mikopo pale benki husoma faili akianzia ukurasa wa mwisho. Husema watu huanza kujaza fomu kwa kujipamba, na ukweli huuandika wakishachoka. Hugeuza karatasi polepole kama anayemfunika mtoto aliyelala. Sauti yake ni ya chini mno, kila nikienda hujikuta nimesogea mbele, na ukumbi mzima hufifia nyuma yangu kama ndoto. Leo nilimpelekea hati ya nyumba yangu niiweke rehani, nipate ada ya binti yangu katika kile chuo kikubwa, maana anataka kazi ya fedha. Alikuwa bado anasoma wakati meneja, kijana wa suti, alipotoka kwenye chumba chake cha vioo na kumwinamia. “Mzee, yule anayeombea mashine ya kusaga, tumpe mkopo?” Afisa akakataa kwa kichwa, kidogo tu. Meneja akarudi ndani.

“Bosi wako kasoma wapi?” nikamuuliza.

“Huko huko unakotaka kumpeleka binti.”

“Na wewe?”

“Chuo cha jioni, mama, juu ya duka la viatu. Tulisoma huku chini wanagonga misumari.”

“Na bado anakuuliza wewe.”

“Kila siku. Lakini sahihi ni yake. Mimi siruhusiwi.”

Akaisukuma hati hadi katikati ya meza, akaondoa mkono, niamue mwenyewe. Niliitazama mpaka feni ya darini ikawa kama inazungukia kichwani mwangu, kisha nikaisukuma upande wake.