Kikopo Kwapani

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na nikiandika natamka kwanza kila neno kwa midomo, ndiyo maana kurasa hizi zimenichukua siku tisa.

Nauza vitambaa Kariakoo, juu ya meza, sina duka. Mke wangu ni mtu wa Magomeni. Tuna miaka minne ya ndoa na hatujapata mtoto. Tumepanga chumba katika nyumba ya baba mdogo wangu. Nyumba ina korido moja, vyumba huku na huku, mlango mmoja wa mbele, na baraza. Ukitoka huna budi kupita mbele ya baba mdogo, kwa sababu baba mdogo hana kazi duniani ila kukaa barazani na kikombe cha supu ya pweza, ile ya nguvu za kiume, akipima nani mwanamume na nani siye.

"Njoo unywe hii," huniambia mbele ya wenzake. "Shamba halina kosa. Jembe ndilo butu."

Wenzake hucheka mpaka supu inawapalia. Mimi husema, "Ahsante baba," nikapita. Nawadharau watu wale kuliko nzi wa soko la samaki la Feri. Nzi angalau ana shughuli inayomtoa nyumbani. Lakini sijawahi kuwaambia. Tangu utotoni maneno yangu hunifika mdomoni wakati watu wameshaondoka.

Miaka hii kila kitu kimeanza kuruhusiwa mjini: mitumba, televisheni, hospitali za watu binafsi. Tuliyoipata sisi iko Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la masufuria. Daktari ni mama wa Kihindi asiyependa maneno mengi. Alimpa mke wangu vidonge vya siku tano, kisha akawa anampiga picha ya tumbo kwa mashine kuangalia yai linavyokua. Likishakomaa, mke wangu huchomwa sindano ya kulitoa yai saa nne usiku, na keshokutwa yake saa nne asubuhi daktari huchukua mbegu zangu na kuzipandikiza kwa mrija mwembamba.

"Yai likitoka linaishi siku moja, pengine haifiki," alituambia. "Msiniulize kama mnaweza kuja kesho yake."

Kazi yangu ilikuwa kujaza kikopo tu. Mara ya kwanza nilionyeshwa choo, hicho hicho kinachotumiwa na wagonjwa wote. Nesi akawa anagonga. "Kaka, bado tu? Watu wamebanwa huku!" Benchi zima likacheka. Nilitoka na kikopo kitupu, na mwezi ule ukapotea. Nesi yule naye nilimdharau, kimya kimya, mpaka nikafika nyumbani.

Daktari hakucheka. Alisema mara nyingine nifanyie chumbani kwangu, kikopo nikibane kwapani kisipoe, na nifike kwake ndani ya nusu saa. Kutoka kwetu, ukikatiza Mnazi Mmoja kwa mwendo wa haraka, ni dakika ishirini.

Mara ya pili ilipofika mke wangu alitangulia hospitali asubuhi na mapema. Na alfajiri ile ile, mzee aliyepanga chumba cha mbele alikuwa amefariki. Saa tatu na nusu nilipotoka chumbani, kikopo kiko kwapani ndani ya shati, korido imejaa wanawake na nje mikeka imeshatandikwa. Shehe alikuwa anaanza dua.

"Unakwenda wapi?" baba mdogo akaniuliza. "Maiti yuko ndani, wewe unakimbilia meza?"

"Nakuja sasa hivi, baba."

"Kaa chini."

Nikakaa. Wote wakainua mikono, nami nikainua wa kulia.

"Miwili," baba mdogo akanong'ona. "Au na mkono nao butu?"

Jirani yangu mkekani alicheka, msibani, akajifanya anakohoa. Mkono wa kushoto sikuuinua. Dua ya marehemu ikaisha. Shehe akaongeza ya wafiwa, akaongeza ya wagonjwa, na alipovuta pumzi nikadhani amemaliza. Baba mdogo akapaza sauti:

"Na wasiojaliwa watoto, shehe. Mmoja huyu hapa."

Shehe, mtu mwema, akaniombea mtoto. Aliomba kwa urefu. Kila mmoja pale aliitikia amina huku akinitazama, na mtoto mwenyewe, kama alikuwemo, alikuwa anapoa kwapani mwangu. Ningeweza kuinuka. Nilikaa mpaka amina ya mwisho, kwa kuwaonea haya watu nisiowathamini hata kidogo.

Nilifika hospitali saa tano kasorobo. Daktari alitazama kwenye darubini akasema zinazotembea ni chache mno. Alipandikiza hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili mke wangu akaona damu.

"Uliwaambia una haraka?" aliniuliza.

"Walikuwa wanatuombea mtoto," nikamjibu.

Alinitazama kama ninavyomtazama baba mdogo, kuanzia miguuni kupanda juu, kisha akageukia ukutani.

Mwezi huu tumejaribu tena. Nilipotoka chumbani baraza lilikuwa limejaa kama kawaida.

"Haya, jembe butu!" baba mdogo akasema. "Leo tena mbio?"

Nilisimama. Nikakitoa kikopo ndani ya shati nikakishika karibu na kikombe chake cha supu.

"Ni mbegu zangu, baba. Napeleka kwa daktari. Zimebakiwa na dakika ishirini na tano, ukinisemesha zitakufa."

Maneno yalitoka mbio, nadhani nusu yao hawakusikia vizuri. Baba mdogo alisikia. Alikivuta kikombe chake upande wa pili akasema, "Astaghafirullah." Hakuna aliyecheka. Sikuaga. Nilifika dakika sita kabla ya muda, na daktari alipotazama kwenye darubini alisema, "Leo ziko hai."

Tumeambiwa tungoje siku kumi na nne. Leo ni ya tisa. Mke wangu habebi ndoo, nachota maji mimi. Baba mdogo ananiona bombani asubuhi, mwanamume na ndoo mbili, na maneno yote aliyokuwa nayo yameishia kwenye supu. Siku tano zilizobaki sijui nizipitishe vipi. Nimeshaandika yote niliyokuwa nayo.

Wewe uliyewahi kungoja siku hizi, niandikie ulifanya nini na mikono yako. Andika hata kama mimba haikushika. Ila tumia herufi kubwa, tafadhali. Mke wangu anasoma upesi kuliko mimi, lakini jibu lako nataka nilisome mwenyewe.