Fidla ya Mzee Bjug

Januari ile theluji ilifika madirishani, na Gyro alikula vipigo kuliko alivyokula uji. Mwalimu wake, mzee Bjug, mpiga fidla aliyewapita wote bondeni Setesdal, alifundisha kwa sikio: anapiga wimbo mara moja, ukikosea upinde unatua vidoleni. Vidole vya Gyro vilivimba, vikapasuka, vikatia damu kwenye nyuzi. Hakulia. Mzee hakuwa na mtoto, na alimwahidi kwamba akimaliza mwezi, fidla ile ni yake. Binti wa mkata magogo angepata wapi nyingine?

Ni wimbo mmoja tu aliomwonya juu yake. Huo hupigwa kwa nyuzi zilizolegezwa mpaka zikakoroma kama zimwi, na huwapandisha watu wazimu.

"Usiupige bila mtu ambaye hajalewa kukaa kando yako na kisu. Mkono ukigoma kuacha, akate nyuzi."

"Na asipokuwepo, mzee?"

Bjug aliitazama kofia kuukuu iliyoning'inia msumarini, ambayo hakuivaa kamwe. "Basi hupigi. Hayo ni masikio au mapambo?"

Mwisho wa mwezi kifua kilimbana mzee, akamtuma Gyro peke yake na fidla ile, akapige harusini. Bia ilinyweka. Eivind, jitu la mtu, akaanza maneno.

"Hee, bibi fidla! Umefundishwa nyimbo za kubembeleza watoto tu?"

"Dada yangu atakuliza wewe!" akajibu Tarald, kaka yake Gyro. "Haya, dada, waoneshe!"

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Gyro akazilegeza nyuzi, na mtu wa kisu hakumweka.

Haikuchukua muda. Mabenchi yalipaa, meno yakamwagika sakafuni, bwana harusi akapasuliwa shavu. Eivind akamwangusha Tarald, akamkalia kifuani na kuchomoa kisu. Gyro aliona yote, akapiga kelele, lakini mkono uliendelea kupiga, na kadiri ulivyopiga ndivyo walivyochinjana. Basi akajirusha mwili mzima juu ya jiwe la jiko. Fidla ikapasuka chini ya kifua chake.

Wimbo ukakatika. Eivind alikitazama kisu mkononi kama cha mtu mwingine. Kilikuwa kimekula sikio la Tarald, koo bado.

Gyro alirudi na vipande ndani ya aproni, akavimwaga kitandani kwa mzee, akanyoosha vidole.

"Nimeiua fidla yako. Nipige."

Bjug hakuugusa upinde. "Kaka yako je?"

"Yuko mlangoni, anakung'uta theluji. Sikio limekwenda."

Mzee akainuka kwa taabu, akaitungua kofia msumarini.

"Kamvishe, baridi isimuingie kwenye kidonda. Ilikuwa ya ndugu yangu." Akamwekea mikononi. "Siku nilipoupiga wimbo ule, mimi niliiokoa fidla."