Siku Niliyomwita Dada Yangu Ndama

Daftari nilipewa na mama mmoja wa utengamao, aliyekuwa akija Nyamwaga kwa pikipiki kutoka Tarime mjini kuwatembelea watu wenye ulemavu majumbani na kuwasaidia wajimudu. Kwangu alimfuata dada yangu. Dada amenipita miaka sita, hasemi maneno yanayoeleweka, na tangu mama yetu afariki anaishi nami. Shida yake, au niseme shida niliyoiita yake, ilikuwa wageni. Mgeni akiketi tu, dada anapiga kelele na kupindua beseni la kunawia.

"Mama Mwalimu," yule mama aliniambia, "kila akifanya hivyo andika mambo matatu. Kabla yake kulitokea nini, yeye alifanya nini, na ninyi mkafanya nini. Hapigi kelele bure. Kuna kitu anakitaka na hana njia nyingine ya kukisema." Kisha akaitazama stoo ya mahindi, komeo likiwa kwa nje. "Na kule asifungiwe tena. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kuandika hakunishindi. Safu ya katikati niliijaza kwa mwandiko wa kupendeza: amemwaga maji, amepiga teke sufuria, amemfinya jirani. Safu ya kwanza niliandika "hakuna" kutoka juu hadi chini. Mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hiyo ningemrudisha akaifanye upya. Safu ya tatu niliandika "ametulizwa." Maana yake nilimfungia stoo, vilevile kama zamani.

Wakati huo binti yangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Robanda anayefanya kazi kwenye kambi za watalii. Kijana na baba yake walipotuma habari kwamba wanakuja kutuona, niliyemwaza kwanza ni dada. Niliogopa watamwona, watasema ukoo huu una kasoro, binti yangu ataachwa. Asubuhi hiyo nikamwogesha haraka haraka, nikamwingiza stoo na sahani ya viazi, nikasukuma komeo.

Wageni walikuwa hawajamaliza chai mlango wa stoo ulipoanza kugongwa. Nikajitia hamnazo. Ukagongwa tena, na sauti ikafuata, nzito, ndefu. Mzee akageuza shingo.

"Ni ndama," nikasema. "Tumemtenga na mama yake."

Sijui nilitumwa na nini. Mbele ya mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote! Aliweka kikombe chini polepole.

"Mwalimu, huyo ndama anagonga kwa ngumi?"

Hakuna aliyecheka. Binti yangu alikuwa ameinamisha uso. Akasema, bila kunitazama, "Ni mama mkubwa."

Mchumba wake akainuka, hata ruhusa hakuniomba, akaenda kuvuta komeo. Dada alitoka na vumbi la mahindi kwenye nywele.

"Shikamoo, mama mkubwa," kijana akasema, na akainama kidogo.

Dada akamtazama. Akatoa mguno mfupi, akampa mkono. Mzee naye akaja, akasalimiana naye kwa Kiswahili chake cha taratibu na kumuuliza habari za nyumbani, kama anavyoulizwa mtu yeyote. Dada akakaa kwenye kigoda mpaka wageni wakaondoka, na hakumwaga hata tone.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama yetu hakuwahi kuruhusu mgeni aketi kabla ya kumsalimu dada, na mimi kila asubuhi nilisukumwa nikamwamkie. Mama alipofariki nikaacha. Darasani watoto wote wanasimama kuniamkia, na asiyesimama anajuta. Nyumbani, mkubwa wangu wa kuzaliwa nilimwita "huyu." Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Yule mama wa utengamao aliporudi nilimweleza yote, hata la ndama. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Tukapanga kwamba kila anayeingia amsalimu dada, kwamba dada ndiye awanawishe wageni, na kwamba akichoka aende zake uani bila kuzuiwa. Hata hivyo hakukubali niandike lolote mpaka amwonyeshe dada jagi la kunawishia na kusubiri aone kama mwenyewe anaitaka kazi hiyo. Dada alilitazama kwa muda mrefu, kisha akalishika. "Haya, sasa andika," yule mama akaniambia.

Kelele zimepungua sana. Binti yangu ameolewa Robanda, na akipiga simu humuulizia mama mkubwa kabla yangu. Ningeweza kuishia hapa nikajisifu.

Lakini Jumapili iliyopita tulitegemea wageni wa kanisani. Nikafagia uwanja, nikatoa viti nje, nikatandika kitambaa kwenye meza, vilevile kama siku zile nilipokuwa nikimfungia. Nilipogeuka, dada hayupo. Nilimtafuta nyuma ya nyumba, nikamtafuta migombani. Nilimkuta stoo, amekaa juu ya gunia, magoti ameyabana pamoja, anangoja. Hakuna aliyempeleka.

"Shikamoo, dada," nikasema. "Toka nje. Wageni ni wako pia."

Aliniangalia kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akauvuta mlango, akaufunga mwenyewe.