Grafu ya Saa Nne Asubuhi

Mwaka wa 2007 nilikuwa mtu pekee wa kompyuta katika duka kubwa la pembejeo hapa Nakuru. Tuliuza mbegu, mbolea, dawa za viazi na dawa za kuogeshea ng'ombe. Duka lilikuwa la familia moja ya Wahindi waliozaliwa papa hapa mjini, na baba yao, ambaye sote tulimwita mzee, bado alikuja kila asubuhi kukaa katika ofisi ya nyuma. Tulikuwa na tawi Molo na lingine Naivasha. Kila siku, ikikaribia saa nne, simu yangu ililia, na nilijua ni Molo kabla sijaishika.

Aliyepiga alikuwa karani wa huko, mama wa miaka hamsini hivi, aliyeanza kazi enzi za vitabu vya risiti na karatasi ya kaboni. Hakupiga kelele. Alisema imeganda tena, akataja wakulima wangapi wamesimama mbele yake, halafu akangoja nimwambie kitu. 

Shida ilikuwa hivi. Kompyuta ya Molo haikuwa na programu yetu ya mauzo. Programu ilikaa Nakuru, ndani ya seva moja tuliyoiweka katika chumba kilichokuwa stoo ya mifagio. Karani wa Molo alichokiona kwenye skrini yake kilikuwa picha tu ya kazi inayofanywa na seva huku kwetu. Akibonyeza herufi, ilisafiri kwa laini hadi Nakuru, seva ikaifanyia kazi, picha ikarudi Molo. Watu kumi na wanane walitumia seva hiyo kwa wakati mmoja. Mmoja akiinyonya nguvu zote, wengine wanakwama, na aliye mbali zaidi ndiye anayeonekana mjinga.

Meneja wetu hakutaka kusikia hayo. Alikuwa mtu wa shati jeupe na simu mbili, na alikuwa ameamua tangu mwanzo kwamba tatizo ni vidole vya yule mama.

"Madam, mashine iko sawa," aliniambia. "Huyo ni slow tu. Watu wa umri wake hawawezi hii kazi."

Akamwandikia barua ya onyo. Niliiona kwa sababu ilichapishwa kwenye printa iliyokuwa mezani pangu. Ilisema anachelewesha wateja kwa uzembe.

Wiki hiyo nilipanda Molo nikaketi kando yake. Kulikuwa na baridi na mvua nyembamba, na wakulima waliotoka Kuresoi walikuwa wamejaa dukani na matope hadi magotini, wakitafuta dawa ya viazi kabla ugonjwa haujamaliza shamba. Saa nne kasoro, mama alikuwa anaandika haraka kuliko mimi. Saa nne ilipopita kidogo, alibonyeza herufi moja na tukahesabu pamoja, polepole, hadi kumi na moja, ndipo ikatokea. Mkulima mmoja akamwuliza kama amelala.  Mama alivuta daftari la shule kutoka chini ya meza, akaandika oda kwa kalamu, akampa mtu dawa yake. Aliniambia kwamba mambo ya daftari huyaingiza kwenye kompyuta saa ya chakula. Hajala chakula cha mchana kwa amani tangu tumletee hiyo mashine.

Nilirudi Nakuru nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nikamwambia meneja nataka kuweka mfumo wa kupima seva, ili tuone nani anaichosha na wakati gani. Akasema nisipoteze muda. Niliuweka hata hivyo, bila kumwambia.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilitaka kuona kila kitu. Seva ile ilikuwa na orodha ndefu ya vipimo unavyoweza kuchagua: prosesa, yaani ubongo wa mashine, kumbukumbu, diski, mtandao, kila programu, kila mtumiaji. Nilichagua karibu vyote, nikaiambia irekodi kila sekunde. Kesho yake, kupima kwenyewe kukawa ndio mzigo mkubwa kuliko yote. Rekodi ilijaza diski, na kufikia saa tatu Molo ilikuwa imesimama kabisa. Nilikimbia kwenye stoo, nikazima, nikafuta rekodi, mambo yakarudi. Niliporudi mezani printa ilikuwa inatoa barua ya pili ya onyo, kwa mama yule yule, kwa asubuhi ile ile.

Nilijua kosa ni langu. Niliishika ile barua mkononi, bado ina joto, nikaipeleka kwa meneja atie sahihi. Nikanyamaza. Niliogopa kupoteza kazi yangu.

Nilianza upya, safari hii kwa akili. Vipimo vinne tu: prosesa inavyofanya kazi, kumbukumbu iliyobaki, foleni ya kazi zinazosubiri diski, na kwa kila aliyeingia, anatumia kiasi gani cha prosesa. Irekodi kila baada ya sekunde kumi na tano, kuanzia duka linapofunguliwa hadi linapofungwa, na rekodi ikae kwenye diski tofauti. Kisha nikaiacha wiki mbili nisiiguse. Ilikuwa vigumu kutoigusa, kwa maana simu ya saa nne iliendelea kulia.

Wiki mbili zilipokwisha nilichora grafu. Mistari ya makarani wote ilikuwa imelala chini, pamoja na wa Molo. Ila kila siku, saa nne na dakika chache, mstari mmoja ulipanda kama ukuta na kukaa juu karibu saa nzima. Nikatazama jina la mtumiaji. Lilikuwa la meneja.

Ilinichukua nusu siku kujua anafanya nini. Kumbe kila asubuhi alifungua ripoti ya bidhaa zote za matawi yote, iliyopangwa ijihesabu upya kila sekunde kumi, halafu akaiacha wazi akaenda chai. Yeye anakula samosa, seva inahesabu kila mfuko wa mbolea kutoka Naivasha hadi Molo, tena na tena, na hakuna anayeitazama.

Nilimpelekea grafu. Nilitarajia aone aibu. Aliitazama kwa muda mfupi, akaigeuza uso chini mezani.

"Nani alikuambia unipime mimi?" akauliza.

Nikamwambia sikumpima yeye, nilipima seva. Akasema nitoke. Nilitoka nikaenda moja kwa moja ofisi ya nyuma kwa mzee, jambo ambalo halikufanywa pale. Mzee alivaa miwani, akaniuliza maswali matatu ya maana, akamwita meneja, akamwambia kwa upole aifunge ile ripoti na aifungue mara moja tu, jioni. Asubuhi iliyofuata nilimpigia mama wa Molo mimi mwenyewe, saa nne na robo. Akaniambia, "Msichana wangu, inafunguka hata kabla sijatoa kidole." Nilimsikia akicheka na wateja.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini zile barua mbili zilibaki kwenye faili. Na meneja alikuwa amejifunza kitu. Kabla ya mwezi kwisha alikuja na wazo lake mbele ya mzee: kwa kuwa sasa tunaweza kujua kila mtu anafanya nini kwenye seva, kila Ijumaa apewe orodha inayoonyesha kila karani amekaa dakika ngapi bila kugusa kibodi. Mzee alifikiri kidogo, akasema kama kipimo kimesema ukweli juu ya meneja, basi kiseme juu ya wote. Ilisikika kama haki. Nami, kwa ujinga wangu, niliandika programu fupi iliyokusanya dakika hizo na kuzichapisha yenyewe. Niliiandika vizuri sana. Hakuna kazi yangu ya miaka ile iliyofanya kazi bila hitilafu kama hiyo.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba, na baada yake vurugu na nyumba kuchomwa; kila mtu wa pande hizi anajua kilichotupata. Tulifunga duka siku kadhaa. Tulipofungua mwezi wa kwanza, nusu ya wafanyakazi hawakuonekana, na Molo haikuwa inajibu simu.

Siku ya tatu nilipigiwa na namba nisiyoijua. Alikuwa yule mama, kwa simu ya kuazima. Alikuwa Nakuru, katika uwanja wa maonyesho, pamoja na watoto wake na mamia ya watu wengine. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Walitoka Molo juu ya lori la kubebea viazi. Alikuwa ananipigia kuniambia kwamba aliondoka dukani bila kuizima kompyuta, na kwamba kuna oda ya mkulima mmoja iko kwenye daftari, hajaiingiza.

Nilienda kumwona mchana huo. Alikuwa ameketi kwenye gunia amevaa koti la mtu mwingine, mikono yake haina la kufanya. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia kuhusu barua ya pili, kwamba seva ilisimama kwa sababu yangu, na nilijua.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

 "Nililia kwa sababu ya hiyo barua," akasema. "Watoto wangu waliniona." Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme.

Niliporudi ofisini meneja alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Programu yangu haikujua kuna vita wala amani. Ilikuwa imekaa siku zote hizo ikihesabu, na Ijumaa ilichapisha orodha kama kawaida. Mbele ya jina la mama wa Molo, ambaye kompyuta yake ilibaki inawaka, palikuwa na maelfu ya dakika bila kugusa kibodi. Meneja alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na kando yake aliweka barua ya tatu, ya kumfukuza kwa kutofika kazini bila ruhusa. Alitaka niichapishe orodha upya, isomeke vizuri, aiambatanishe.

Nilimwambia mama yuko wapi. Nilimwambia nimetoka kumwona.

"Madam, mimi sifanyi siasa," akasema. "Mimi naangalia namba."

Sijawahi kumpiga mtu, na siku hiyo nilikaribia. Nilimwambia ainuke kwenye kiti changu. Aliinuka, nafikiri kwa mshangao. Nikaketi, na yeye akiwa amesimama nyuma yangu nikafuta ile programu, nikafuta rekodi za makarani wote, nikafuta na nakala yake. Nilikosea neno la siri mara mbili. Nikabakisha vile vipimo vinne vya seva. Kisha nikachukua barua zote tatu na grafu ya zamani, nikaenda kwa mzee.

Nilimweleza yote, na la kwangu pia, la kujaza diski. Alisoma kila karatasi taratibu. Nje magari yalikuwa machache na mji ulikuwa kimya kwa namna mbaya.

"Mimi ndiye nilisema tupime watu," akasema mwishoni. "Hilo ni langu, si lako."

Aliandika kwa mkono wake juu ya kila barua kwamba imefutwa, akatia sahihi. Akaagiza mama apewe kazi kwenye kaunta ya Nakuru, na mke wa mzee mwenyewe akampeleka kutafuta chumba. Mimi nilipewa onyo kwa kufuta rekodi bila idhini. Nililikubali, lilikuwa halali. Meneja, kama aliambiwa kitu, mimi sikukisikia.

Mama alifanya kazi Nakuru miezi yote iliyofuata. Kila asubuhi ilibidi amsalimie yule mtu, naye aliitikia bila kuinua macho kutoka kwenye simu zake. Hakuna siku alimwambia pole. Mimi na mama tulizungumza mambo ya kazi, kwa heshima, na si zaidi.

Katikati ya mwaka walikuja wageni, wauzaji wa mbolea kutoka Nairobi. Meneja aliwatembeza hadi kwenye stoo yangu, akafungua mlango, akawaonyesha skrini yenye mistari minne. Akawaeleza kwamba matawi yalikuwa polepole sana mpaka yeye alipoamua seva ipimwe. Mmoja wa wageni akampongeza, na yeye akaniwekea mkono begani, akasema, "Na huyu msichana wetu alinisaidia."

Niliuondoa mkono wake. Wageni wakatazama pembeni. Barua yangu ya kuacha kazi nilimpa mzee kabla ya chakula cha mchana, na ilikuwa na mistari miwili.