Maombi ya Kumtoa Kambo Nyumbani

Kambo alikataa kutoka nyumbani, na kosa lilikuwa la wamama wa sala.

Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi hapa Lubumbashi. Wangu ni mama wa mama yangu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe, hata mimi alinitambua kwa kishindo cha miguu tu. Madaktari wa macho walipita mjini kwa wiki moja kupasua watu, kisha waende zao, na zamu yake ilikuwa Jumatatu hiyo. Akikosa, anabaki gizani. Nani ajuaye kama watarudi?

Sasa, Jumapili, wamama wa kikundi cha sala cha Wakatoliki wa Naviundu, mtaa wetu, walikuja kumwombea. Nia nzuri kabisa. Lakini wale wamama, nyimbo wanazoziimba vizuri ni za matanga, kwa sababu kila wiki wanazunguka kwenye misiba. Wakaketi mkekani, vitambaa kichwani, wakaimba ile ya safari ya mbinguni. Wakamwomba Bwana ampokee mtumishi wake. Ampokee! Mmoja akalia kabisa. Mimi nikachungulia uani kuona kama jeneza limeshafika.

Kambo aliwashukuru, akawapa munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, wakanywa wakaenda. Asubuhi yake alijifunga kitenge, akakaa kwenye kiti chake na kukishika kwa mikono miwili.

"Shiende," akasema. "Balinizika jana. Muntu ya kuzikwa habamupasue macho."

Mama akajaribu upole, akajaribu ukali.

"Mama, imani yako iko wapi?"

"Iko hapa nyumba. Nabaki nayo."

Nje, jirani yetu akapiga honi. Ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, anauza viazi kwa jumla, mlokole wa kuamka na haleluya, na alikuwa amejitolea kutupeleka na gari lake. Akapiga tena. Mimi honi ikilia siwezi kutulia. Nilikuwa natoka mlangoni kwenda dirishani, dirishani kurudi mlangoni.

"Weye, ikala chini!" mama akanifokea.

"Mama, miguu njo inakataa."

Mama akasema neno la mtu aliyeishiwa: "Basi weye muombee kambo yako. Siye tumeshindwa."

Kuniambia mimi niombe ni kama kumweka mbuzi alinde shamba la muhogo. Shuleni, wakati wa sala ya asubuhi, mimi ndiye ninayekohoa kama padri mpaka safu nzima inavunjika mbavu kwa kicheko. Lakini sala nilizo nazo, zote nilizipata kwa kambo. Alinifundisha ishara ya msalaba akiwa anatwanga sombe, mkono wake umeshika wangu, na mpaka leo nikifika kwenye jina la Roho Mtakatifu nasikia harufu ya majani ya muhogo. Tena kwetu kambo na mjukuu ni watani. Yeye ananiita bwana yangu, mimi namwita muke yangu, na hakuna anayeshangaa.

Nikapiga magoti. Honi ikalia. Nikaanza.

"Mungu Baba, ni miye, ule wa kukohoa. Angalia muke yangu, ananikatalia safari mbele ya bantu. Miye najua juu ya nini. Leo ananiona kivuli tu, anawaza alipata bwana muzuri. Siku macho itafunguka ataona hii pua, atauliza talaka. Bwana, umupe nguvu ya kuvumilia. Na kama unataka kumupokea, hapana leo, juu sombe iko ku moto na miye shijue kupika."

Mama alikuwa amefumba macho, sijui kwa sala au kwa haya. Mabega ya kambo yakaanza kutikisika.

"Mupumbafu weye. Hata Mungu unamuchokoza?"

"Njo weye ulinifundisha kuongea naye, kambo. Haukuniambia nibadilishe sauti."

Hapo mabega yakatulia. Nilidhani nimeharibu. Kisha akaachia kiti, mkono mmoja, halafu wa pili.

"Amina," akasema. "Leta viatu."

Garini jirani akaanza kuomba kwa nguvu, amefumba macho, usukani mkononi.

"Papa," nikamwambia, "ombea macho wazi. Mugonjwa iko mumoja tu, tusiongeze."

Kambo alicheka mpaka tukafika.

Hospitalini hakucheka tena. Tulikaa kwenye benchi, mguu wangu unaruka peke yake. Muuguzi alipomwita, kambo alinikamata kiganja, akakibana.

"Sasa omba. Lakini bila michezo."

Nikafungua kinywa. Hakuna kitu. Mimi, ambaye walimu wananitoa nje kwa ajili ya maneno mengi! Nikadaka la kwanza lililokuja, Salamu Maria, naye akadakia, tukaenda pamoja. Tulikuwa hatujafika katikati, muuguzi akamshika mkono, akamwingiza, mlango ukafungwa.

Nilibaki nimesimama na nusu ya sala. Wagonjwa walikuwa wananitazama, na msichana mmoja wa rika langu pia, tena mzuri. Miguu ilitaka kukimbia. Nikaimaliza kwa sauti, mpaka Amina. Mlango haukufunguka.

Nikaanza tena.