Kengele na Kilabu cha Yunis

Kwa miaka kumi na miwili Yunis aliuza boha, pombe yetu ya miwa, kwenye kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka hiyo yote hakushiriki Chakula cha Bwana. Usharika ulimtenga siku alipofungua kilabu. Aliendelea kwenda ibadani kila Jumapili, akaketi benchi la nyuma, na wenzake walipoinuka kwenda mezani yeye alibaki ameinamia mikono yake. Mumewe alikuwa amefariki, binti yao Anitha alikuwa anasoma, na viazi vya shamba moja havikutosha. Hakumlaumu mtu.

Mimi si Mlutheri wala si Msambaa. Ni Mbondei wa Muheza, Mwanglikana, mwalimu mstaafu niliyepangiwa kufundisha huku juu ya Magamba nikiwa kijana, nikailalamikia baridi miaka thelathini na sita, kisha nikashindwa kuondoka. Wapo wanaosema mwalimu mzima hakupaswa kuonekana kilabuni. Wengi wao nimewafundisha, na nakumbuka insha zao.

Kilabu chenyewe hakikuwa na cha kujivunia. Bati lilivuja, moshi wa kuni uliuma macho, na mabenchi yake mawili yalikaribiana mno hata magoti ya wazee yakagongana. Lakini ukutani kulikuwa na misumari kumi na mmoja, na kila msumari ulining'iniza kikombe cha bati cha mtu mmoja. Kikombe cha mwenzako hukukigusa. Tulianza kuingia saa kumi, kila mtu akachukua chake, Yunis akamimina, akaonja yeye kwanza mbele ya macho yako kama desturi inavyotaka, ndipo akakupa. Ilipokaribia saa kumi na mbili alitazama ukutani. Kikombe kikiwa bado kimening'inia, aliuliza, "Nani kamwona mwenye hiki leo?" Kama hakuna aliyemwona, aliyekaa karibu na mlango aliinuka akaenda kumwangalia nyumbani kwake. Hata mvua ikinyesha, hakuna aliyebisha.

Wengi wetu tulikuwa wagane, watoto wako mbali. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Nikodemo, mpasua mbao wa zamani mwenye ulimi mkali. Naye alitengwa, kwa kuwa aliishi na mkewe miaka thelathini bila ndoa ya kanisa, na mke akafa kabla hawajaifunga. "Mwalimu," alizoea kuniambia, "wewe hunywi, unasahihisha." Nilikuwa nakasirika, na kesho yake nikakaa tena pembeni yake.

Kilichomgeuza Yunis ni mazishi ya jirani yake, Dina, aliyefariki akiwa bado ametengwa. Kengele haikupigwa. Kwaya haikuja. Watu walishusha jeneza, wakafukia, wakakung'uta majembe na kurudi mashambani. Jioni ile Yunis alimimina, kisha akaniambia, "Siogopi kufa, Mwalimu. Naogopa kufukiwa vile."

Baada ya Pasaka alitueleza kwamba anarudi kundini. Masharti yalikuwa mawili: afunge kilabu, na atubu mbele ya usharika. Nikodemo ndiye aliyesema, "Fanya hivyo, Mama Anitha. Sisi tutajua pa kwenda." Hatukujua pa kwenda, lakini lilikuwa jambo la kusema.

Siku ya toba tulikwenda wote kumi na mmoja, tumevaa makoti ya harusini, tukajaza benchi la nyuma. Yunis alisimama mbele na kukiri kwamba nyumba yake ilikuwa mahali pa kupotezea watu. Nadhani alijua tunamsikia, maana hapo aliinua macho akatutazama kabla ya kuendelea. Nikodemo akaninong'oneza, "Aseme tu, asije akaharibu." Aliyasema yote. Alipopiga magoti mezani alilia kama mtoto, na mzee yule mkali alitoa leso.

Vikombe vyetu alitugawia twende navyo, na akatukaribisha tuje kwake kunywa chai saa ile ile ya kila siku. Tulikwenda. Chai yake ilikuwa nzuri, yenye tangawizi, lakini chai mtu akiimaliza huaga. Hakuna anayekaa saa mbili na kikombe cha chai akimsikiliza mwenzake akisimulia mti alioupasua zamani. Wiki ya kwanza tulikuwa wanane, ya pili wanne, na wiki ya tatu mimi mwenyewe nilisingizia mafua.

Mwezi wa saba, wakati ukungu hauondoki hadi mchana, Silvano, mmoja wetu, alikwenda kwa Nikodemo kuazima msumeno. Ilikuwa Ijumaa. Alimkuta sakafuni, hatua mbili kutoka mlangoni, amefariki. Kwenye sufuria maharage yalikuwa yameota ukungu. Mganga wa zahanati alimwangalia, akatuambia kwamba mzee alianguka na kuvunjika nyonga, pengine Jumanne, akajikokota kuelekea mlangoni. Tulimuuliza kama alikufa upesi. Akasema hapana, hadhani.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Silvano alidhani mzee yuko shambani. Mimi nilidhani ameshuka Soni kwa dada yake. Naishi hatua mia moja kutoka mlango ule, na siku zote zile nilipita njiani nikaenda zangu dukani kununua sukari. Naona aibu kuyaandika haya, na sitaki mtu aniambie kwamba si kosa langu.

Tulimzika Jumapili mchana, bila kengele. Nilisoma mimi, kwenye kitabu changu cha sala, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kusoma. Yunis alisimama kaburini tangu mwanzo hadi mwisho bila kutoa chozi. Watu walipoanza kuondoka aliniuliza jambo moja tu. "Jumanne hadi Ijumaa, Mwalimu. Angekuwa anakuja kwangu, tungemfikia lini?"

Nilimjibu, "Jumanne ile ile, jioni." Nisingeweza kumdanganya.

Wiki iliyofuata alinunua miwa. Kabla hajaitwanga alinipitia, amejifunga kitenge cha kanisani, akaomba nimsindikize kwa mchungaji, asije akasikia habari kwa watu. Mchungaji wetu ni mtu mpole, sina ugomvi naye. Alimwamkia shikamoo, akatupa viti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Anitha," alisema, "si ungewatembelea tu? Kila siku nyumba moja. Hakuna atakayekukataza."

"Chai nimejaribu, Mchungaji. Kutembelea nako najua kutakavyokuwa. Mtu ukimtembelea anajua umemhurumia, keshokutwa anafunga mlango. Kwangu walikuja wenyewe."

"Lakini ni pombe. Wapo inaowaharibu."

"Wapo. Najua kwa majina, na hao nilikuwa nawanyima. Sikusema ni kitu kizuri."

Mchungaji alijipangusa uso. Nilimwona anatafuta njia, na kwa haki nasema alitafuta kweli. "Umelia mbele ya meza ile," alisema. "Nilikuona. Ukifungua tena nitalazimika kukutenga, na safari hii wazee wa kanisa hawatakuwa wepesi kukurudisha."

"Naelewa."

"Na siku ukifa? Si ndicho kilichokuleta kwangu mwanzoni? Ulinieleza habari za Dina. Unataka uzikwe hivyo, bila kengele, bila kwaya?"

Yunis alikuwa ameshika ukingo wa kitenge kwa mikono miwili. Alikuwa anaogopa, kama alivyoogopa siku zote.

"Sitaki," alisema. "Nitazikwa vibaya, Mchungaji, na ninalia nikiwaza. Lakini nikianguka, watajua siku hiyo hiyo."