Siku Kaka Aloisi Alipofungulia Maji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, zama za Mwingereza, nilipanda mlimani kutoka Moshi mjini nikiwa na viatu vipya vinavyolia na majivuno yanayolia zaidi. Nilikuwa msaidizi katika zahanati moja ya Majengo. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda, lakini tayari nilijiona daktari.

Nyumbani, kaka yangu Aloisi alikuwa na miezi minne tangu aanguke mtini akikata majani ya ng'ombe. Alijigonga kichwa kwenye jiwe. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakampotea. Kesho yake ukoo ungekutana kuamua kama abaki na kihamba chake, shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na baba, au apewe mwingine, naye awe mtu wa kulishwa.

Baba mkubwa akaniambia, "Wewe umesoma. Mpime, utuambie."

Nikamkalisha kitini, nikaanza kumuuliza. Leo siku gani? Akanitazama tu. Binti yako anaitwa nani? Akajibu, "Ndizi." Nikampa penseli, ikamponyoka. Nikatoka nje nikatangaza, "Huyu hawezi kitu." Mungu anisamehe, dirisha lilikuwa wazi, na machozi yake niliyaona.

Mama hakunigombeza. Alisema, "Aloisi alikuwa karani lini? Kesho asubuhi ni zamu yetu ya maji. Njoo utazame, na usimsaidie."

Asubuhi kaka alishuka akichechemea hadi kwenye mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani. Akachuchumaa, na kwa mkono wa kushoto akaondoa udongo na gogo la mgomba lililoziba njia. Maji yakaingia. Akaona yanakimbilia kwa jirani. Akasukuma jiwe moja kwa mguu, akakandika udongo, nayo yakageuka kwa utii. Akayapeleka mgomba kwa mgomba, hakuruka hata mmoja. Mara mbili alichoka akaketi. Alipotaka kufunga mzigo wa majani ya ng'ombe, fundo la kamba lilimshinda, akamnyooshea kamba binti yake aliyekuwa kando, naye akamfungia.

Nilivua viatu nikasimama topeni, nikalia. Katika kichwa kile kilichoumia, Mungu alikuwa amehifadhi njia zote za maji!

Mbele ya ukoo nilifuta kauli yangu. Nikataja anachoweza, nikataja na kinachomshinda: mafundo niliyoyaona, na kwa maelezo ya mama, panga na kuachwa peke yake penye moto. Kihamba kikabaki chake. Jina langu hakulikumbuka tena mpaka tunamzika. Akiniona alionyesha miguu yangu, ile iliyosimama topeni, akacheka.

Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukitumwa kumpima aliyeumia kichwa, mfuate kwenye kazi anayoijua. Mpe muda. Angalia anafanya nini peke yake, na nini kwa kushikwa mkono, useme yote mawili bila kuficha. Kisha rudi umpime tena, maana mwezi ujao si huu. Wala usijione mzima sana, hujafa hujaumbika.

Mungu akujalie macho yenye subira. Na ikitokea siku ukakalishwa wewe kwenye kiti kile, akuletee mtu atakayekungoja.